Boda, bajaji au gari la wagonjwa? Zahanati au Muhimbili? Amua kabla usiku haujaingia

Ramadhani iliyopita, saa nane za usiku, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta aligonga mlango. Mjukuu wake wa miaka miwili anachemka. Tulipoingia ndani tukakuta kikao kimeshakolea: baba mtoto yuko na simu sikioni anatafuta gari la wagonjwa, babu anasema twende Muhimbili moja kwa moja, bibi kashika chupa ya mafuta ya nazi, na shangazi anauliza kama mwenye duka la dawa pale kona hawezi kugongewa akaamka. Watu wanne, majibu manne, kila mmoja na lake. Mtoto mwenyewe hakuna aliyekuwa anamtazama.

Sisi ni watu wa Chamazi, pembezoni mwa Dar es Salaam. Anayeijua Chamazi anajua kwamba kutoka kwetu hadi Upanga, iliko Muhimbili, ni Barabara ya Kilwa karibu yote, na siku ya mechi pale Azam Complex hata kufika Rangi Tatu ni safari ya kubebea maji ya kunywa. Usiku ule barabara ilikuwa nyeupe. Kilichokosekana ni gari. Namba ya kwanza haikupokelewa. Ya pili, ya hospitali moja kubwa, ilipokelewa, tukaambiwa gari lipo ila limetoka na mgonjwa wa rufaa, likirudi watatupigia. Mpaka leo hawajapiga.

Nikamfunua mtoto kifua, nikawasha saa ya simu, nikahesabu anavyopumua dakika nzima. Thelathini na nne. Mbavu hazibonyei ndani. Nikampa maji kwenye kikombe, akanywa, akaking'ang'ania kikombe. Basi tukaita bajaji, dakika kumi na mbili tuko kituo cha afya. Tone la damu kidoleni, robo saa ya kusubiri, mistari miwili ikajitokeza: malaria. Akapewa dozi ya kwanza ya mseto, dawa ya malaria, palepale, tukaambiwa tusubiri kuona kama ataitapika. Hakuitapika. Daku tulikula pamoja.

Mimi si daktari. Nimekaa miaka saba kwenye dirisha la mapokezi la zahanati, kazi ya kuandika kadi, kutafuta mafaili na kuwaambia watu wasubiri. Ukikaa pale unaona jinsi wagonjwa wanavyofika: nani kachelewa, nani kakimbilia bure, nani kaletwa na chombo kilichomzidishia maumivu. Ninayoyalinganisha hapa nimeyaona kutoka dirishani, pamoja na niliyoyasikia kwa manesi na madaktari wa zamu.

Maswali mawili tunayoyafanya moja

Mtu akizidiwa nyumbani, swali tunaloulizana ni "tumpeleke wapi?", na ndani ya swali hilo tunaficha jingine, "kwa chombo gani?" Tukiyachanganya tunapata jibu lilelile kila mara: gari la wagonjwa, hospitali kubwa. Yatenganishe.

Kuhusu chombo, uliza kama njiani mgonjwa atahitaji mtu wa kumhudumia. Kama anahitaji oksijeni, dripu, kulazwa sawasawa, au jicho la nesi, basi chombo chake ni gari la wagonjwa. Kama anahitaji kufika tu, chochote chenye viti na dereva mwenye akili kinatosha.

Kuhusu mahali, uliza wana nini pale ambacho mgonjwa huyu anakihitaji ndani ya saa moja ijayo. Sindano ya kuzuia damu baada ya kujifungua ipo hata zahanati. Picha ya kichwa ya CT-skani haipo. Majibu ya maswali haya mawili hayafuatani. Kuna anayetakiwa kwenda zahanati kwa gari la wagonjwa, na kuna anayetakiwa kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa kwa gari la shemeji, sasa hivi, bila kusubiri mtu.

Kwa nini gari halipatikani

Sensa ya 2012 ilihesabu Dar es Salaam watu 4,364,541. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Watu milioni moja wameongezeka katika miaka kumi, na wengi wamejenga pembezoni, huku kwetu Chamazi, kule Chanika, Kigamboni ya ndani na Goba, ambako njia ya mwisho kufika mlangoni ni mchanga na kona ambazo gari refu halikati. Bodaboda nazo zimejaa, na ajali zake. Halafu kuna presha na sukari. Zamani dirishani kwangu mwenye presha alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, siku hizi anakuja mtu wa thelathini na tano kashikwa mkono na mke wake.

Jambo ambalo wengi hatulijui ni kwamba magari ya wagonjwa ya vituo vyetu vya umma kazi yake kubwa ni kuhamisha wagonjwa kutoka kituo kwenda kituo. Kituo cha afya kikishindwa, gari linabeba na kupeleka hospitali ya wilaya, ya wilaya ikishindwa, rufaa ya mkoa, kisha taifa. Kwa hiyo ukipiga simu ukiwa nyumbani, umejipanga nyuma ya mama anayetoka damu ambaye daktari ameshamwandikia rufaa. Mtu anayekuambia "limetoka" mara nyingi hakudanganyi.

Na likitoka, foleni inalingoja. Hili la foleni linanikera kuliko yote. King'ora kikipita, madaladala na boda wanajipachika nyuma yake kama vifaranga nyuma ya kuku, kila mmoja anafaidi njia aliyofunguliwa mgonjwa. Mbele kuna mwenye gari binafsi aliyefunga vioo na kuwasha muziki, hasikii. Dereva mmoja aliniambia kwamba Barabara ya Kilwa jioni king'ora ni sauti tu.

Chombo kwa chombo

Tuanze na boda, maana ndiyo ya kwanza kupatikana. Kwa foleni hakuna inayoishinda, na nauli yake inabebeka. Kwa mtu aliyejikata kidole, mwenye homa anayekaa mwenyewe, au mwenye jino linalouma, boda inatosha. Tatizo linaanza na mshikaki: dereva mbele, mgonjwa kalegea katikati, ndugu nyuma kamkumbatia asidondoke. Nimepokea wagonjwa wa namna hiyo. Mmoja alikuwa amefungwa kwa khanga kwenye mgongo wa dereva, kichwa kinaning'inia pembeni, ulimi umerudi nyuma unaziba pumzi. Nyumbani alikuwa anapumua vizuri. Asiye na fahamu, mwenye degedege, aliyevunjika paja au kiuno, na mjamzito mwenye uchungu hawapandi boda. Kwao boda ina kazi nyingine nzuri sana: kumtuma kijana akalete bajaji, au akaamshe nesi kwake.

Bajaji ni bora kuliko inavyosifiwa. Mgonjwa anaweza kulala ubavu, kichwa mapajani mwa mtu, na vichochoro vyetu inavimudu. Inatikisa, hivyo mfupa uliovunjika hautaipenda, lakini kwa mtoto mwenye homa kali, kwa anayetapika na kuharisha, kwa pumu ambayo bado inamruhusu mtu kuongea sentensi nzima, usimtafutie mgonjwa kingine huku anazidiwa.

Gari la jirani au teksi ya kuita kwa simu linafuata, na ndilo ninalolipendekeza kwa mzee. Kiti cha mbele unakilaza, au kiti cha nyuma unamlaza ubavu. Kasoro yake ni ya kibinadamu: jirani mwenye gari ana aibu ya kukataa na wewe una aibu ya kugonga. Aibu hiyo imeshatucheleweshea watu.

Sasa gari la wagonjwa. Thamani yake iko kwenye vilivyomo na aliyemo. Lenye mtungi wa oksijeni uliojaa, dripu, na nesi anayejua kuvitumia ni chumba cha hospitali kinachotembea. Lenye kitanda na king'ora peke yake ni Land Cruiser. Kwa hiyo ukipokelewa simu, kabla ya kusema "haya njooni", uliza mambo matatu: nani anakuja na gari, kuna oksijeni, na litafika baada ya dakika ngapi. Jibu la tatu lilinganishe na bajaji iliyosimama nje. Kama bajaji inafika kituo cha afya dakika kumi na tano na gari linafika kwako baada ya dakika arobaini, tayari una jibu, isipokuwa kwa wale niliowataja ambao kubebwa vibaya kunaweza kuwaua.

Na uliza gharama. Mwaka juzi baba yangu mdogo alipopewa rufaa, pale kituoni tuliambiwa gari lipo ila "changieni mafuta". Tulichangishana kwenye korido, huyu elfu tano, yule elfu kumi, dereva kaegemea mlango wa gari anatusubiri. Sijui kama ilikuwa halali. Ninachojua ni kwamba dakika ishirini zilikwenda hapo, na kwamba siku hizi naweka akiba ya noti kadhaa nyuma ya kifuniko cha simu kwa ajili ya mambo hayo tu. Magari ya kampuni binafsi nayo yapo mjini, yana vifaa, na yanalipiwa. Kama una bima kubwa ya kazini, muulize afisa wako mchana huu kama inayagharamia.

Mama mjamzito hayumo kwenye mjadala huu: 115

Kwa wajawazito mambo yamebadilika, na bado nakutana na akina baba wasiojua. Namba 115 ni ya bure, haikati salio. Ni ya mfumo wa m-mama, kwa mjamzito mwenye dharura, kwa aliyejifungua ndani ya siku 42, na kwa kichanga cha hadi siku 28. Anayepokea atauliza dalili na mahali mlipo, kisha anaamua mgonjwa aende kituo gani na kwa chombo gani. Kama gari la wagonjwa liko mbali, anapigiwa dereva wa kawaida wa eneo hilo, aliyesajiliwa kabla, naye analipwa na mfumo kupitia simu yake baada ya kumfikisha mama. Familia haitoi nauli. Na kituo mnakokwenda kinakuwa kimeshaambiwa.

Hilo la mwisho ndilo linaloutofautisha na teksi uliyoikodi mwenyewe. Teksi yako inaweza kufika mapema zaidi, lakini mnaingia mkiwa wageni. Faili halipo, chumba cha upasuaji hakijaandaliwa, na pengine mnakuta kituo hicho usiku huo hakina mtu wa dawa ya usingizi. Mgonjwa aliyetanguliwa na simu anapita mlango mwingine kabisa.

Mfumo huu ulijaribiwa kwanza Sengerema na Shinyanga, kisha Rais Samia Suluhu Hassan akauzindua kitaifa Dodoma, Aprili 2022. Sengerema si bahati mbaya. Kwa miaka yote mama aliyeshindikana pale, akiandikiwa rufaa ya Bugando, hospitali kubwa ya Mwanza, alikuwa anasubiri kivuko cha Kigongo–Busisi avushwe ghuba ya Ziwa Victoria. Gari la wagonjwa lilipewa nafasi ya mbele kwenye foleni, lakini kivuko kikiwa ng'ambo, kiko ng'ambo. Daraja la pale, lenye urefu wa kama kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025. Ukitaka kuelewa maana ya "usafiri wa mgonjwa", mtafute nesi aliyewahi kusindikiza rufaa kwenye kile kivuko, akusimulie.

Tafiti za kitaifa za afya zilionyesha vifo vya akina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16, na 104 mwaka 2022. Usafiri si sababu pekee. Vituo vya afya vingi vimeanza kufanya upasuaji wa kujifungua, na wanawake wengi zaidi wanajifungulia mikononi mwa wataalamu. Lakini mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili, na saa mbili kwa mwenye nyumba Mbande au Kimbiji ni muda wa kubishana tu.

Dalili za kukufanya upige bila kumuuliza mama mkwe: damu yoyote ya kutisha, kabla au baada ya kuzaa, kichwa kinachouma sana huku macho yanaona ukungu na uso umevimba, maana hicho kinaweza kuwa kifafa cha mimba kinanyemelea, degedege, chupa kuvunjika na uchungu usije, mtoto kuacha kucheza tumboni. Kwa hali hizi zahanati ya karibu haidharauliki. Nesi wa pale anaweza kumchoma sindano ya kwanza, ya kuzuia damu au ya kutuliza kifafa, ndipo safari iendelee. Chukueni kadi ya kliniki, khanga tatu, na ndugu wawili wenye uwezo wa kutoa damu.

Onyo moja dogo: 115 si ya babu mwenye presha. Nimesikia watu wanajaribu kumgeuza babu kuwa mjamzito kwenye simu. Tuiache njia hiyo wazi.

Mahali: kuanzia duka la dawa

Duka la dawa muhimu, lile lenye maandishi hayo mlangoni na cheti ukutani, ni mpango uliozaliwa Ruvuma mwaka 2003 kuchukua nafasi ya yale maduka ya dawa baridi. Muuzaji wake amepewa mafunzo na ana orodha ya dawa anazoruhusiwa kuuza. Mafua, kikohozi cha siku mbili, kichwa cha uchovu, mchubuko, ORS na zinki kwa mtoto anayeharisha lakini bado anacheza: nenda pale, usijaze benchi la zahanati. Linaposhindwa ni pale tunapoligeuza kuwa daktari. "Nipe vile vidonge vya rangi mbili, sita." Vile vya rangi mbili ni antibayotiki. Dozi ya nusu haitibu, inawafundisha vijidudu kuizoea dawa. Na mseto bila kipimo ni kamari, kwa sababu homa nyingi siku hizi si malaria.

Zahanati ndiyo tunayoionea. Ina kipimo cha malaria, ina chanjo, inazalisha, ina sindano ya kwanza ya malaria kali kabla ya rufaa, na kwenye vituo vya umma sera inawasamehe malipo wajawazito na watoto chini ya miaka mitano. Kasoro zake nazijua kwa sababu nimezikalia: dawa huisha, na nyingi zinafunga alasiri. Baada ya hapo lazima umjue nesi anakoishi. Ukihamia mtaa mpya, kabla hujajua bucha zuri liko wapi, jua hilo.

Kituo cha afya kiko wazi usiku, kina vitanda, kina maabara, na vingi sasa vina chumba cha upasuaji. Kwa usiku wa mjini, kwa dharura nyingi za nyumbani, hapa ndipo pa kuanzia. Mjukuu wa jirani alitibiwa hapa.

Halafu ndipo hospitali za rufaa: Temeke, Amana, Mwananyamala kwa mkoa, na Muhimbili juu yao. Idara ya dharura ya Muhimbili ilifunguliwa 2010 na ndiyo ya kwanza ya aina yake nchini. Wagonjwa mahututi wanaotoka pale wakitembea wanadai maisha yao kwa idara hiyo. Lakini pale hawafuati aliyewahi kufika. Mlangoni wanakupima pumzi, mapigo, presha na fahamu, wanakupa rangi. Mwekundu anaingia, wa njano anafuata, wa kijani anakaa. Mtoto mwenye homa anayekunywa maji ni kijani. Angefika Upanga saa tisa, akakaa kwenye kiti mpaka jua, na kila ajali iliyoingia ingempita. Babu yake angeondoka akisema Muhimbili wamemdharau, kumbe wamemwambia kwa lugha ya rangi kwamba mjukuu wake hajambo sana.

Nani basi asiyetakiwa kupoteza muda kwenye vituo vidogo? Mzee ambaye ghafla mdomo umepinda, mkono mmoja umelegea, maneno yanatoka kama ana kitu mdomoni. Hicho ni kiharusi, na zahanati haina la kumfanyia. Tazama saa, uiandike. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, inatakiwa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na haitolewi kabla ya kupigwa CT-skani, kwa sababu kiharusi kingine ni cha kuvuja damu na dawa hiyohiyo ingemuua. Kwa hiyo mtu mmoja apige simu hospitali ya rufaa kuuliza kama mashine inafanya kazi leo, mwingine atafute gari. Usimpe maji, atapaliwa. Usimpe kidonge cha presha cha jirani. Akiwa anapumua vizuri, mlaze ubavu kwenye gari lolote na muondoke. Vivyo hivyo kifua kinachobana kama kimekaliwa na jiwe, jasho la baridi, maumivu yanashuka mkono wa kushoto: Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iko ndani ya eneo la Muhimbili, na huyu hatembezwi hata ngazi moja.

Mtoto: hesabu kabla ya kubishana

Kwa mtoto chini ya miaka mitano, manesi wana dalili nne za hatari ambazo kila mzazi angetakiwa kuzijua kama namba yake ya simu. Hawezi kunywa wala kunyonya. Anatapika kila anachopewa. Amepata degedege. Amelegea au haamki. Ikiwepo moja tu, ni kituo cha afya au hospitali sasa hivi, usiku ni usiku. Ongeza ile hesabu ya pumzi: pumzi 40 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, 50 au zaidi kwa wa miezi miwili hadi kabla ya mwaka, na mbavu zinazobonyea ndani. Huyo anaweza kuwa na nimonia, na pengine atahitaji oksijeni njiani, hivyo hapa kulifuatilia gari la wagonjwa kuna maana, ila usilisubiri kama bajaji ipo na kituo ni karibu.

Degedege nilitaje peke yake, kwa sababu ya ile chupa ya mafuta. Wazee wetu wa pwani walisema ni mdudu, nondo wa usiku anayempitia mtoto, na wengi bado wanaanzia kwa mganga. Sitaki kugombana na bibi wa mtu. Nasema tu kwamba dakika zile ni za kumlaza mtoto ubavu, kulegeza nguo, kutoweka kijiko wala kidole mdomoni, kutomwagia mafuta puani, na kutazama saa. Mara nyingi linakoma kabla ya dakika tano. Likipita hapo, au likirudi, ni hatari. Na hata likikoma apelekwe, maana malaria kali huanza hivyohivyo. Dua isomwe ndani ya bajaji.

Ajali ya boda: hapa usikimbie

Hapa ndipo ushauri wangu unageuka. Kwa homa, kwa uchungu, kwa kiharusi, nasema usingoje. Kwa aliyerushwa na pikipiki, mara nyingi ni bora kungoja dakika chache umbebe vizuri. Tunavyofanya: watu sita wanamvamia, huyu mkono, huyu mguu, anatupwa nyuma ya bajaji kama gunia la mkaa, shingo inajiendea. Kama uti wa mgongo ulikuwa na ufa, tumeumalizia sisi.

Damu inayoruka ndiyo ya kwanza: khanga iliyokunjwa, bonyeza kwa nguvu, usifunuefunue kuchungulia. Kichwa na shingo vishikwe visiyumbe. Kama amebanwa ndani ya gari, piga 114 ya Zimamoto na Uokoaji, wana vifaa vya kukatia chuma. Kama hakuna gari la wagonjwa karibu, pikapu yenye ubao wa mlango chini ya mgongo wake inaishinda bajaji kwa mbali. Apelekwe hospitali ya karibu yenye uwezo wa kuzuia damu. Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili itafuata kwa rufaa, kwenye gari lenye nesi. Na PF3, ile fomu ya polisi kwa majeruhi, ambayo imewaliza wengi mapokezi: mgawane. Mmoja anaongozana na majeruhi, mwingine anakwenda polisi kuichukua. Mgonjwa asizungushwe kituoni akivuja damu.

Kwetu karatasi imebandikwa kando ya mita ya LUKU, maana pale kila mtu anapita. Ina 115, 114 na 112 ya polisi, namba ya kituo cha afya, ya nesi wa zahanati, na ya kijana wa bajaji anayelala nyumba ya tatu. Nauli yake ya usiku tulishakubaliana, elfu kumi, iwe saa nne au saa kumi, tusije tukaanza kupatana bei mtu kalala mapajani. Wiki iliyopita nilipita kwa jirani nikaona bibi naye kaandika ya kwao, kwa mkono wake, herufi kubwa za kalamu nyekundu. Bajaji kaiweka juu kabisa, Muhimbili chini. Ile chupa ya mafuta ya nazi imerudi jikoni, alikuwa anakaangia vitumbua.